KASKE YAKO INA MAFIGA MATATU



Mama anapopika pale Buleusa, sufuria yake inakaa juu ya mafiga matatu. Ukiondoa moja, chakula kinamwagika. Kila chombo kinachotengenezwa ili kiuzwe kina mafiga matatu vilevile: kazi yake, sura yake na bei yake. Leo tujifunze jinsi mafundi na wenye viwanda wanavyoyapanga, kwa sababu kichwa chako kimo katika hesabu hiyo.

Tuanze na chukudu

Unaijua chukudu ya Kivu ya Kaskazini, inayoteremsha viazi, makaa na mbao mpaka Goma. Inabeba mamia ya kilo. Fundi anaichonga kwa mti mgumu na kuyavisha magurudumu mpira wa tairi kuukuu. Breki ni kipande cha mpira kinachokandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Urembo ni kidogo, kwa kuwa fundi ametia nguvu yake penye kazi. Akiuza chukudu ya mti laini, mnunuzi ataona mara moja, maana kila sehemu iko wazi.

Kaske sivyo. Inatengenezwa mbali, na mtu asiyekujua, na sehemu yake kubwa imefichwa ndani.

Kaske ilitoka wapi?

Mwaka 1919 kampani ya Bullard ya San Francisco, Marekani, ilitoa kofia ya kazi ya turubai na gundi, iliyopakwa rangi nyeusi. Mwaka 1938 ikaleta ya alumini, nyepesi na imara. Lakini alumini inapitisha umeme, kwa hiyo haikumfaa mtu wa kazi ya nyaya. Baadaye ikaja plastiki: ni nyepesi, na kiwanda kinaweza kutoa kaske nyingi kwa bei ndogo. Lakini plastiki inazeeka ikipigwa na jua. Unaona sasa: kila fundi alipogusa figa moja, mengine nayo yakasogea.

Figa la kwanza: kazi

Kaske ina sehemu mbili, gamba la nje na mikanda ya ndani. Jiwe likianguka, gamba linalizuia lisipenye, na mikanda inanyumbuka ili nguvu ya pigo ienee kichwani isikae mahali pamoja. Ndiyo maana pana nafasi kati ya gamba na kichwa. Ukiijaza sigara au kitambaa kinene, umeondoa ulinzi. Kaske isiyo na mikanda ni bakuli tu.

Kanuni ya Ulaya iitwayo EN 397 inataka kaske ijaribiwe kwa chuma cha kilo 5 kinachoangushwa kutoka urefu wa mita 1. Kaske iliyofaulu inaandikwa ndani namba ya kanuni na tarehe ya kutengenezwa.

Figa la pili: sura

Usidharau sura. Rangi nyeupe au ya manjano inaonekana gizani, na dereva anakuona mapema. Tena, kaske inayomfanya mtu achekwe au inayombana paji la uso itaishia kutundikwa msumarini. Kwa hiyo kiwanda chenye akili kinaifanya ipendeze na ikae vizuri. Hatari ni pale sura inapofunika ubovu: kaske kuukuu iliyopakwa rangi mpya sokoni inang'aa, lakini rangi inaficha nyufa, na dawa iliyomo inaweza kuila plastiki.

Figa la tatu: bei

Bei ndogo si dhambi. Kiwanda kinaweza kuweka mikanda ya plastiki badala ya ya kitambaa, au kushikiza mikanda mahali 4 badala ya 6, na kaske bado ikafaulu. Uliza hivi: bei imepungua kwa kuondoa nini? Ikiwa ni urembo, nunua. Ikiwa ni unene wa gamba au mikanda yenyewe, acha.

Fanya hesabu. Tuseme kaske moja ni franka 15.000 na inadumu miezi 6, nyingine ni franka 40.000 na inadumu miaka 2. Kwa miaka 2 ya kwanza itakula franka 60.000. Ipi ni ya bei ndogo?

Mambo ya kufanya

1. Kila asubuhi tazama nje na ndani. Ukiona ufa au mkanda uliokatika, omba nyingine.
2. Ikipigwa kwa nguvu, ibadilishe hata kama huoni ufa.
3. Usiitoboe, usiipake rangi, usiioshe kwa petroli. Maji na sabuni vinatosha.
4. Usiiache juani, wala usiikalie.
5. Usiivae kwenye pikipiki. Imetengenezwa kwa jiwe linaloanguka kutoka juu. Kaske ya pikipiki ina povu nene ndani, kwa ajili ya mtu anayeangushwa barabarani. Kila kaske ina kazi yake.

Nawe mama, baba akirudi kutoka shimoni, kaske isiwe ya watoto kuchotea maji. Igeuze, itazame mikanda. Jicho lako la pili linaweza kuona alichokosa kuona yeye kwa uchovu.

Kumbuka: bei unailipa mara moja. Kichwa hakiuzwi sokoni.