Sila: Wema wa Mabudha Umesimama Juu ya Nini?

Tumeulizwa darsani suali hili, nalo ni suali la mtu mwenye kufikiri: ikiwa Mabudha hawakuijenga dini yao juu ya Muumba mwenye kuamrisha na kukataza, basi wema wao, ambao wao huuita sila, umesimama juu ya nini?

Jawabu yake ni kuwa umesimama juu ya nia. Budha aliwafundisha wafuasi wake kuwa kitendo khasa ni ile azma iliyo moyoni, na kila azma ina tunda litakalomrudia mwenyewe, katika maisha haya au yajayo. Ndiyo maana mafunzo yao matano, yaani kujizuia na kuua, kuiba, zinaa, uwongo na vileo, hayakuja kwa tamko la "usifanye". Mtu huyatamka kwa ulimi wake mwenyewe, kuwa anajitwika zoezi la kujiepusha.

Wala mambo hayo hayakukomea hekaluni. Mfuasi wa kawaida amekatazwa kuchuma kwa biashara tano: silaha, viumbe hai (na watumwa wamo), nyama, vileo na sumu. Katika mji wa Lhasa, huko Tibet, kazi ya uchinjaji kwa muda mrefu aghlabu ilikuwa mikononi mwa Waislamu, na Mabudha wakinunua nyama kwao na kuila! Hayo nawaachia wenyewe.

Sasa tuje kwenye pahala walipokhitalifiana wanazuoni. Njia ya Budha ina sehemu tatu: sila, utulivu wa moyo, na hekima. Naye alipiga mfano wa mtu aliyevuka mto kwa chelezo. Akisha kufika ng'ambo, hakibebi kichwani. Wengine wakafahamu kuwa sila nayo ni chelezo tu, aliyefikia ukamilifu huitupa. Damien Keown, katika kitabu chake cha mwaka 1992, aliipinga rai hiyo, akasema wema ni sehemu ya ukamilifu wenyewe. Mimi naona haki iko kwake. Kwani katika mazungumzo ya Budha na Sonadanda, aliyekuwa mwanachuoni wa Kibrahmin, sila na hekima zilifananishwa na mikono miwili inayooshana. Na mkono, ndugu msomaji, mtu hauachi ufukweni.

Utaniuliza: na yale ya Burma, ambayo leo yaitwa Myanmar? Mwaka 2017 Warohingya zaidi ya 700,000 walikimbilia Bangladesh kwa kuteswa na jeshi, na kabla ya hapo wako watawa waliokuwa wakihubiri chuki juu ya Waislamu. Siifichi khabari hiyo. Lakini watawa hao tuwapime kwa mizani yao wenyewe. Katika sheria za utawa, mtawa akiua binaadamu kwa kusudi, au akimtuma mwengine akaua, utawa wake umekwisha papo hapo, wala hawezi kurudishiwa maisha yake yote.