Lengo la Timu Mnalo. Jumatatu Nani Anafanya Nini?

Mwanzo wa mwezi timu inakaa, mnakubaliana: "Mwezi huu lazima tukusanye madeni." Kila mtu anaitikia. Mwisho wa mwezi madeni ni yale yale, na mshahara umeanza kusumbua. Si kwamba watu wako ni wavivu. Ni vile tu hakuna aliyejua afanye nini Jumatatu asubuhi.

Tuchukue mfano. Tuseme unauza gesi na maji mtaani. Una mtu mmoja wa kaunta na wawili wa boda wanaopeleka oda. Wateja 20, wengi wao wenye vibanda vya chakula, wana deni lako la shilingi 60,000 kwa jumla. Msambazaji naye anataka pesa kwanza ndiyo akupe mitungi iliyojazwa. Yaani pesa yako inapika chapati kwa jirani huku stoo yako imejaa mitungi mitupu.

1. Lipe lengo nambari, tarehe na mwenyewe

Huenda umesikia kuhusu malengo ya SMART. George T. Doran alipoandika kanuni hiyo mwaka 1981, herufi A ilimaanisha kwamba lengo lina mtu aliyekabidhiwa. Siku hizi wengi husema A ni "linawezekana", na yule mwenye kazi anasahaulika.

Kwa hivyo usiseme "tupunguze madeni". Sema: "Deni lishuke kutoka 60,000 hadi 20,000 ndani ya wiki nne, na msimamizi ni mtu wa kaunta." Hiyo ni 10,000 kila wiki. Sasa inashikika.

2. Geuza matokeo kuwa vitendo

Huwezi kumwamuru mteja alipe. Lakini unaweza kuamua kwamba Jumanne atapigiwa simu. Panga kile kilicho mikononi mwenu:

- Jumatatu: Wa kaunta anaorodhesha wateja watano, akianza na wenye deni kubwa.
- Jumanne: Anawapigia. Kila mmoja anataja kiasi na siku ya kulipa. Anayeshindwa kutoa 3,000 kwa mpigo anaweza kulipa 750 kila Ijumaa kwa wiki nne.
- Jumatano hadi Ijumaa: Wa boda wanawakumbusha kwa heshima wakipeleka oda. Mwenye deni la zamani anauziwa gesi kwa pesa taslimu au kwa simu, haongezewi deni.

Kila kazi iwe na jina moja. Ukiandika "sote", hakuna atakayepiga simu.

3. Pesa yote ipite mahali pamoja

Mteja alipe kwenye till ya biashara, si kwenye nambari binafsi ya mwenye boda. Kumbuka, ujumbe wa till hauonyeshi kama 750 ni ya deni au ni mauzo ya leo. Kwa hivyo wa kaunta aandike nambari ya muamala kando ya jina la mteja siku hiyo hiyo. Ukitumia paybill, mpe kila mteja nambari yake ya akaunti, na malipo yatajitenga yenyewe. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

4. Dakika kumi kila Jumamosi

Fungueni taarifa ya akaunti pamoja na daftari, kisha muulizane maswali mawili tu: Tulifanya tulichopanga? Pesa iliingia?

Kama simu hazikupigwa, uliza kilichozuia. Labda foleni ya kaunta haikumpa mtu nafasi, basi mtengee saa moja mchana. Kama simu zilipigwa na pesa haikuingia, badilisha mpango: mtembelee mteja mwenyewe, au punguza kiasi cha kila wiki. Lakini usimkate mwenye boda mshahara kwa deni la mteja. Wiki ijayo atakuficha ukweli, na hapo mpango umekufa.

Jaribu wiki hii

Chukua lengo moja tu la timu yako. Liandike kwenye karatasi likiwa na nambari na tarehe, kisha chini yake vitendo vitatu, majina matatu na siku tatu. Libandike pale kila mtu analiona. Jumamosi mkikaa, mtakuwa na kitu cha kuhesabu.