Kupachika kihariri ndani ya programu yako: njia niliyoifuata kwenye kamusi ya Kifipa

Hapa Sumbawanga nimetengeneza programu ya kompyuta ya kukusanyia maneno ya Kifipa. Wanaoitumia ni walimu wastaafu na vijana wanaokaa na wazee, kuanzia Laela hadi Namanyere, wakiandika wanachosikia. Kushoto kwa dirisha kuna orodha ya maneno, kulia kuna sehemu ya kuandikia. Hiyo ya kulia ndiyo iliyokula muda wangu mwingi, na ndiyo ninayotaka kuieleza. Ukitengeneza programu ya mihtasari ya ushirika wa wakulima (AMCOS) au ya kumbukumbu za parokia, utafika hapo hapo.

Neno langu kubwa ni hili: usiandike kihariri chako kuanzia sifuri. Kuandika na kufuta kunaonekana kazi rahisi mpaka ufikie kutendua, kutafuta, kukunja mistari mirefu na herufi zenye alama za toni. Wenzetu wameshayamaliza hayo kwa miaka mingi. Chukua kilichopo, kisha nguvu zako zielekeze pale kihariri kinapokutana na programu yako, maana hapo ndipo matatizo yanapozaliwa.

1. Chagua kihariri kinachotosha kazi

Kuna ngazi tatu.

Ya kwanza ni kisanduku cha maandishi kinachokuja na zana zako: `Text` ya Tkinter au `QPlainTextEdit` ya Qt. Kama watu wataandika aya mbili tatu bila rangi wala muundo maalumu, ishia hapo.

Ya pili ni kijenzi kamili cha uhariri. Nilichagua Scintilla, aliyoianzisha Neil Hodgson wa Australia na ambayo imekuwapo tangu 1999. Ndiyo iliyo ndani ya Notepad++ na Geany, kwa hiyo imepita mikononi mwa watu wengi. Kwa Python na Qt unaitumia kupitia QScintilla. Soma leseni mapema: Scintilla yenyewe ina masharti mepesi, lakini QScintilla inatolewa kwa GPL au kwa leseni ya kulipia. Ukipanga kuuza programu bila kutoa msimbo wake, lijue hilo kabla hujaanza.

Ya tatu ni kuingiza programu nzima ya uhariri. Neovim, iliyochipuka kutoka Vim mwaka 2014, ina chaguo la `--embed`: inaendeshwa kimyakimya, nawe unazungumza nayo kwa ujumbe na kuchora skrini mwenyewe. Vim yenye madirisha, kwenye Linux inayotumia X11, inaweza kukaa ndani ya dirisha lako kwa `--socketid`. Ukifuata njia hiyo, iache salamu yake ya mwanzo ionekane. Bram Moolenaar, aliyeitengeneza na aliyefariki 2023, alijitolea mwaka mzima wa 1994 kwenye kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, na salamu hiyo inaomba msaada kwa watoto wa huko. Kwa walimu wangu, hata hivyo, Vim ingekuwa mzigo. Mtu anayetaka kuandika neno alilotamka bibi yake hapaswi kwanza kujifunza amri.

2. Fundisha kihariri muundo wa maandishi yako

Kila neno letu linaandikwa kwa alama zinazotumiwa na watunga kamusi wengi duniani. Mfano:

```
\lx ntumba
\ps nomino
\dn tuta la mviringo, majani hufukiwa
    chini ya udongo yaoze yawe mbolea
```

Kila aliyelima nyanda za juu za Ufipa anaijua ntumba. Mwandishi anahitaji kuona mara moja alama ni ipi na kidahizo (neno lenyewe, baada ya `\lx`) ni kipi, ndiyo maana ya kuweka rangi:

```python
class RangiZaKamusi(QsciLexerCustom):
    def language(self):
        return "Kamusi"

    def description(self, n):
        return {0: "Maelezo", 1: "Alama",
                2: "Kidahizo"}.get(n, "")

    def styleText(self, mwanzo, mwisho):
        yote = self.editor().text().encode("utf-8")
        self.startStyling(mwanzo)
        for mstari in yote[mwanzo:mwisho].splitlines(True):
            if mstari.startswith(b"\\"):
                alama, nafasi, salio = mstari.partition(b" ")
                self.setStyling(len(alama + nafasi), 1)
                self.setStyling(len(salio),
                                2 if alama == b"\\lx" else 0)
            else:
                self.setStyling(len(mstari), 0)
```

Angalia ule `encode`. Scintilla inahesabu baiti, haihesabu herufi. Kifipa ni lugha ya toni, na tunapoandika á, herufi hiyo inachukua baiti mbili kwenye UTF-8. Ukihesabu herufi, rangi itasogea nafasi moja kwa kila toni, na mwisho wa ukurasa alama zitakuwa zimevaa rangi za maelezo. Washa pia `setUtf8(True)` kwenye kihariri.

Kuna jambo jingine la toni. Á inaweza kuhifadhiwa kama herufi moja, au kama a ikifuatiwa na alama yake. Kwa macho ni kitu kile kile, kwa kompyuta ni vitu viwili, na utafutaji utakosa nusu ya maneno. Pitisha maandishi kwenye `unicodedata.normalize("NFC", ...)` kabla ya kuhifadhi, na neno linalotafutwa lipitishe vivyo hivyo.

3. Maandishi yawe na mwenyewe mmoja

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Kihariri kinashika maandishi, programu nayo inashika hifadhidata. Amua mapema nani ana neno la mwisho. Kwangu mimi, neno likiwa wazi, kihariri ndicho mwenyewe. Programu inasikiliza ishara ya `modificationChanged`, inaweka nyota kwenye kichwa cha dirisha, na mtumiaji akichagua neno lingine inahifadhi kwanza ndipo inabadilisha. Baada ya kuhifadhi, ita `setModified(False)`.

Historia ya kutendua nayo iangalie. `setText` ya QScintilla huifuta, na ni vizuri, maana mtu akitendua hatarudishiwa maelezo ya neno la awali ndani ya neno jipya. Ukitumia Scintilla moja kwa moja, ifute mwenyewe kwa `SCI_EMPTYUNDOBUFFER`.

Tena, hifadhi mara kwa mara bila kusubiri kitufe. Hapa Sumbawanga umeme kukatika ni jambo la kuzoeleka. Kama unahifadhi kwenye faili, andika faili la muda kwanza, kisha libadilishe jina kwa `os.replace`. Umeme ukiondoka katikati ya kazi, faili la zamani linabaki zima.

4. Gawanya vitufe

Scintilla inakuja na njia zake za mkato: Ctrl+L inakata mstari, Ctrl+D inarudufu, Ctrl+T inabadilishana mistari. Kama programu yako inatumia Ctrl+L kufungua orodha, kihariri kitaiwahi na mstari utatoweka mbele ya macho ya mwandishi. Tafuta amri husika kwa `standardCommands().boundTo(...)`, kisha iondolee kitufe kwa `setKey(0)`. Mimi nilibakiza zile ambazo mwalimu anazijua tayari: kunakili, kubandika na kutendua.

5. Jaribu kabla ya kukabidhi

Bandika maandishi kutoka Word. Andika neno lenye toni kila silabi, kisha litafute. Badilisha neno bila kuhifadhi. Zima kompyuta kwa nguvu huku unaandika. Kisha mpe mtu asiyejua msimbo, mkae pamoja, umwache aandike bila kumwelekeza. Utajua ni wapi mkono wake unasita.

Kihariri hiki hakijafungwa kwenye Kifipa. Alama ni zile zile kwa Kimambwe na Kirungu cha jirani zetu wa Kalambo, hivyo mwenye nia ya kukusanya maneno ya kwao anaweza kuanza na msimbo ulio hapo juu leo hii. Wazee wenye maneno hayo bado tunao, na tuyaandike wakiwapo.