Mwalimu Mkuu Asiachwe Peke Yake

Leo twataka kuwaletea somo juu ya jambo ambalo wengi hulipita kama walipitavyo jiwe la njiani, nalo ni hili: mwalimu mkuu wa shule ya kijiji husaidiwa na nani, na yafaa asaidiwe namna gani.

Sisi tu makarani. Kazi yetu ni kuandika barua, kuzipokea, na kuzitia katika majalada yake. Siku moja mvua ilikuwa kubwa na watu hawakuja ofisini, basi tukalifungua jalada la barua zilizopelekwa kwa walimu wakuu, tukazisoma moja moja. Ya kwanza yasema: Leta hesabu ya wanafunzi. Ya pili yasema: Leta hesabu ya madawati. Ya tatu yasema: Eleza sababu ya kutoleta hesabu ya madawati. Tulisoma hata mwisho wa jalada, wala hatukuona hata barua moja iliyouliza: Mwalimu, una shida gani, nasi tukusaidieje? Tuliona haya, maana nyingine katika barua hizo tulizipiga taipu sisi wenyewe.

Na tuitwae Rhotia kuwa mfano wetu. Rhotia ni kata ya Wilaya ya Karatu, katika Mkoa wa Arusha, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, katika njia kuu itokayo Mto wa Mbu kwenda lango la Ngorongoro. Magari ya wageni wanaokwenda kutazama wanyama hupita hapo mchana kutwa. Lakini mtu akiiacha lami na kushika njia za udongo mwekundu kwenda Kainam au Kilimamoja, wakati wa masika ataona kazi. Wenyeji wengi ni Wairaqw, wakulima wa mahindi, maharagwe, mbaazi na ngano, na wafugaji wa ng'ombe. Mtoto wao huja darasa la kwanza na Kiiraqw kinywani, lugha isiyo ya jamaa moja na Kiswahili hata kidogo, naye hukuta mwalimu aliyepelekwa na Serikali kutoka mkoa wa mbali, asiyejua hata neno la kusalimu. Hapo ndipo mwalimu mkuu anapoanzia kazi yake.

Mwalimu mkuu huyu alipatikanaje? Mara nyingi alikuwa mwalimu mwema wa darasa, hesabu zake safi, watoto wake wakifaulu. Wakubwa wakamwona, wakampa shule. Toka siku hiyo atakiwa kupanga walimu, kutunza fedha, kusuluhisha ugomvi wa wazazi, kutengeneza paa la choo, na kuandika taarifa. Hakuna moja katika hayo alilofundishwa chuoni. Ni kweli kwamba kuko Bagamoyo chuo cha uongozi wa elimu, kilichoanzishwa mwaka 1979 kwa jina la MANTEP, nacho tangu 2001 ni wakala wa Serikali uitwao ADEM. Wanaopitia huko hurudi na faida. Walakini mafunzo ya Bagamoyo hayawezi kuja kukaa naye Rhotia siku ya Jumatatu, walimu wawili wanapokuwa wagonjwa na mzazi mmoja amesimama mlangoni kwa hasira.

Tena ana mabwana wengi. Wizara ya Elimu hutoa mitaala, na huwatuma wathibiti ubora wa shule, ambao zamani tuliwaita wakaguzi. TAMISEMI husimamia shule kwa mkono wa Halmashauri ya Wilaya. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2015, huangalia vyeo na nidhamu. Kijijini kuna kamati ya shule, na mwenyekiti wa kijiji, na diwani. Kila mmoja ana haki ya kumwuliza. Mwenye wajibu wa kumsaidia ni nani?

Zamani za Waingereza, chini ya sheria ya mwaka 1926, Serikali za Wenyeji zilikuwa na shule zao, na mwalimu alijua baraza lake liko wapi. Baada ya Uhuru zikaja halmashauri, nazo zikaondolewa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria za 1982 na kuanza kazi 1984. Karatu yenyewe ilikuwa sehemu ya Mbulu hata miaka ya 1990. Twayataja haya kwa ufupi tu, ili msomaji aone kwamba mlango wa kubisha umehamishwa mara nyingi.

Sasa tutazame nchi nyingine. Katika Uingereza, miaka ile baada ya 2004, kila serikali ya mtaa ilitakiwa kuipa kila shule yake mtu mmoja, mwenzi wa kuiendeleza shule. Wengi wa watu hao walikuwa walimu wakuu, au waliowahi kuwa walimu wakuu, basi walijua uzito wa mzigo. Mwenzi alikuja siku chache katika mwaka, akakaa na mwalimu mkuu, wakatazama pamoja matokeo ya watoto, akamwuliza maswali magumu kama rafiki aulizavyo. Shauri jema. Lakini mtu huyo huyo alipewa pia kazi ya kuwashauri wasimamizi wa shule juu ya utendaji wa mwalimu mkuu, na kuipelekea serikali ya mtaa habari za shule. Akawa rafiki, na papo hapo akawa shahidi. Sharti la kuwa na watu hao liliondolewa kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 2011. Katika jiji la London kulikuwa na mpango mwingine, kati ya 2003 na 2011, ambamo walimu wakuu wa shule zenye nguvu walitumwa kuwasaidia wenzao wa shule dhaifu, na shule nyingi zilisimama.

Tumeyaleta hayo kwa kuwa sisi nasi tunaye mwenzi, ila hatumtumii vema. Naye ni Afisa Elimu Kata, ambaye wengi bado humwita mratibu. Huyu si mtu wa mbali. Akaa katika kata, ajua shule zote, na mwaka 2018 Wizara iliwagawia maafisa wa namna yake pikipiki ili wafike shuleni. Mwaka 2016 Serikali ilianza kumpa kila mwezi posho ya madaraka ya shilingi 250,000, na mwalimu mkuu wa shule ya msingi shilingi 200,000. Basi njia imo.

Lakini afikapo shuleni afanya nini? Twasema tuliyoyaona. Wako wafikao, wakatia sahihi katika kitabu cha wageni, wakauliza idadi ya waliofika, wakanywa chai, wakaenda. Hiyo ni ziara ya kitabu cha wageni. Yuko mwingine tuliyefuatana naye siku moja kwa kazi ya karatasi. Hakuingia ofisini kwanza. Aliingia darasa la pili pamoja na mwalimu mkuu, wakakaa nyuma, kisha wakaita watoto sita, mmoja mmoja, wasome ukurasa mmoja. Wawili walisoma. Wawili walikariri bila kutazama kitabu. Wawili walinyamaza. Hakusema neno mbele ya mwalimu wa darasa. Walipotoka alimwuliza mwalimu mkuu: Je, wale wawili walionyamaza, nyumbani husema lugha gani? Mwalimu mkuu hakujua. Wakaenda kuuliza, wakaambiwa ni Kiiraqw tupu, na tangu Januari hakuna mtu aliyewaeleza jambo kwa lugha yao.

Angalieni kwamba hakuleta fedha, wala hakuleta amri. Alileta jicho la pili. Wakaandika mambo mawili tu ya kutenda kabla hajarudi baada ya majuma matatu. Mtu akiandikiwa mambo kumi na manane hatendi hata moja. Hayo tunayajua sisi tunaozitunza karatasi hizo. Siku hizi pia kuna mafunzo endelevu ya walimu kazini, yaitwayo MEWAKA, ambamo walimu wa shule moja hukutana na kufundishana. Mambo yale mawili ndiyo yangekuwa maneno ya mkutano wao.

Hapa pana fundo gumu, nalo ndilo lililowashinda Waingereza. Je, Afisa Elimu Kata ayapeleke wilayani yote aliyoyaona? Akiyapeleka yote, mara ya pili mwalimu mkuu atampangia watoto sita hodari, na ziara itakuwa mchezo. Asipopeleka kitu, Halmashauri haitajua kwamba shule ina walimu watatu kwa madarasa saba. Shauri letu ni hili: taarifa iandikwe nakala mbili, mwalimu mkuu aisome na kutia sahihi yake, wala lisipelekwe wilayani neno ambalo yeye hakuambiwa kwanza. Mambo mawili tu hayangoji sahihi, yaani wizi wa fedha na mtoto kuumizwa. Hayo yaende siku ile ile.

Juu ya fedha, wazee, tusikisie, tuhesabu. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya shule ya msingi ilipangwa shilingi 10,000 kwa mtoto mmoja kwa mwaka. 4,000 ziliwekwa kwa vitabu, na 6,000 zikaelekezwa shuleni. Shule ya watoto 600 kwa hesabu hiyo hupata shilingi 3,600,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi, kwa chaki, karatasi za mitihani, matengenezo, michezo na ofisi. Mgawe kwa watoto, kila mmoja ni shilingi 500 kwa mwezi. Basi mzazi asemaye kwamba Serikali imeleta mamilioni, mwalimu mkuu ameyala, afadhali afike kwanza katika ubao wa matangazo ya shule asome. Na mwalimu mkuu asiyebandika hesabu katika ubao huo amejitafutia maneno mwenyewe. Uji wa mchana haumo katika fedha hizo. Huo hutoka katika magunia ya wazazi, na msimu wa mavuno ndio wakati wa kamati kuzungumza habari zake, si Februari wakati ghala tupu.

Tena walimu wakuu wa kata moja wasaidiane. Shule za Rhotia si mbali kama zile za bonde la Eyasi huko Mang'ola, ambako afisa wa wilaya akitaka kufika hupoteza siku nzima. Mwalimu mkuu mmoja ahodari kwa ratiba, mwingine kwa hesabu za fedha, mwingine kwa kupatana na wazazi. Wakikutana siku moja ya mwezi, kila mara katika shule nyingine, na kuingia madarasani kabla ya kuketi, watapata faida kuliko kukutana katika ukumbi wa wilaya kusomewa waraka ambao wangeweza kuusoma wenyewe.

Baada ya siku ile ya mvua tuliomba ruhusa ya mkubwa wetu, tukaandika barua fupi ya kumwuliza mwalimu mkuu mmoja ahitaji nini. Jibu lilichukua majuma mawili, tukadhani ataomba mabati. Aliandika hivi, kwa ufupi: aombewe kwa mwenyekiti wa kijiji mama mmoja mjua Kiiraqw na Kiswahili, aje darasa la kwanza asubuhi mpaka mwisho wa muhula. Mwenyekiti alimpata siku ya pili. Barua hiyo tumeitia katika jalada lile lile, juu ya zile za madawati.