Wawili kwenye kiti kimoja: kutoka Nyeri hadi Doldol kwa pikipiki

Desemba inapokaribia, karakana yangu hujaa watu wasio na kitu cha kutengeneza. Wamekuja kuuliza. Wengi ni wanandoa ambao wamewaona Wazungu wakikatiza Nanyuki na pikipiki zenye masanduku ya bati ubavuni, mume mbele, mke nyuma, wakitokea Moyale au wakielekea Cape Town. Basi wanajiuliza: hawa wametoka kwao Ulaya kuja kuuona Mlima Kenya wetu, sisi tunaoamka chini yake tumeuzunguka lini? Maswali yaliyorudiwa zaidi ndiyo haya.

Fundi, nina Boxer ya 150 inayofanya kazi ya boda. Inaweza kunibeba mimi na mke wangu mpaka Doldol, ama ni lazima nitafute pikipiki kubwa?

Inaweza. Kutoka Nyeri hadi Nanyuki ni kilomita kama 60, na kutoka hapo hadi Doldol ni kama 55. Hiyo Boxer pengine hufanya kazi kubwa kuliko hiyo kila siku kabla ya chakula cha mchana, tena ikiwa na gunia la viazi.

Lakini ujue inachokudai. Injini yake ina nguvu za farasi kama 12, na hizo ni za pwani. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, injini ya kabureta hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa sababu hewa imekuwa nyepesi. Nanyuki iko karibu mita 1,950. Ukifika pale mkiwa wawili na begi, usiilazimishe kwenda 90. Mwendo wa 60 ni wa heshima.

Kabla ya kuondoka, ongeza upepo wa tairi la nyuma kama kijitabu chake kinavyosema kwa watu wawili, na ukaze springi za shokomzoba kidogo. Halafu pima cheni mkiwa mmekaa wote wawili. Hapa wengi hukosea: cheni iliyokazwa pikipiki ikiwa tupu hukakamaa zaidi mkishapanda, na ndiyo hiyo hukatika mahali pasipo na duka. Begi nalo lisikae juu ya keria likiwa limetokeza nyuma, maana litanyanyua gurudumu la mbele. Gawanya mzigo mara mbili, uning'inize chini pande zote, kama punda wa Doldol anavyobeba mitungi ya maji. Punda yule hajasoma fizikia lakini haanguki.

Mume wangu anaipenda sana hii safari. Mimi naumia. Tulienda Naro Moru na kurudi tu, kesho yake nikashindwa kuinama. Je, shida ni mimi?

La, mama. Shida iko mbele yako.

Anayeendesha ana usukani wa kushika, tangi la kubana kwa magoti, na macho yanayoiona kona kabla haijafika. Breki akizishika, mwili wake umeshajua. Wewe huoni ila mgongo wake. Kwa hiyo misuli yako hukaa imekazana muda wote ikingoja jambo isilolijua, na mtu aliyekaza misuli saa mbili amefanya kazi ya kulima.

Nimejifunza haya kwa aibu. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilimbeba mke wangu kutoka Karatina hadi Embu. Njia nzima hakusema neno, nami nikawa najisifu moyoni kwamba amefurahi. Tulipofika alivua kofia, akanikabidhi, akaenda zake stendi kupanda matatu ya kurudi. Niliendesha peke yangu mpaka nyumbani nikitafuta maneno, na sikuyapata.

Tangu siku hiyo tunasimama kila dakika 45, kabla hajaomba. Tuna ishara: akinigonga bega mara moja, nipunguze mwendo, mara mbili, nisimame pale pale penye usalama. Mimi nikiona tuta nanyanyua mkono wa kushoto kidogo, naye anajiinua kwenye vikanyagio magoti yakiwa yamelegea, ili tuta lipigwe na miguu badala ya uti wa mgongo. Kwenye kona, mama, chungulia juu ya bega lake la upande mnaokwenda. Mwili utafuata wenyewe. Ukijivuta upande wa pili kwa woga, pikipiki inapata amri mbili kwa wakati mmoja.

Baridi nayo ni sehemu ya maumivu. Asubuhi ya Julai kati ya Kiganjo na Naro Moru upepo hupenya hata koti la ngozi. Gazeti la jana likikunjwa kifuani chini ya koti huzuia upepo kuliko sweta mbili.

Na leso, mama, au shuka la Kimasai, ambalo ni vazi zuri na mtalinunua tu huko: lisipeperuke. Cheni ikilikamata pembe moja, inalivuta lote na mvaaji ndani yake. Lifunge begini mpaka mfike.

Karatasi gani tunahitaji?

Leseni yenye daraja la pikipiki, na bima ambayo umeisoma kuhakikisha inamgusa abiria. Sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu, na wote wawili mvae kofia ngumu na koti linaloakisi mwanga. Kofia ya abiria isiwe ile ya boda inayocheza kichwani kama sufuria.

Tupite njia gani, na tuchukue siku ngapi?

Siku nne. Vijana huuzunguka mlima kwa siku moja na kurudi wakiwa hawajauona. Mlima wenyewe hujificha mapema: kufika saa tatu au nne asubuhi mawingu mara nyingi yameshaufunika, kwa hiyo anayetaka kukiona kilele cha Batian aamke mapema.

Siku ya kwanza ni Nyeri, Nanyuki, Doldol. Kabla ya kuingia mji wa Nanyuki mtavuka ikweta, na mtaonyeshwa maji yakizunguka kwenye beseni kulia, kushoto, kisha yakitulia. Walipeni, wana kipaji, lakini ni mazingaombwe: msukumo wa mzunguko wa dunia ni mdogo mno kwa beseni, mkono wa mmiminaji ndio unaozungusha. Siku ya pili rudini Nanyuki, mpite Timau hadi Meru. Siku ya tatu shukeni Chuka hadi Embu. Ya nne ni Kutus, Kerugoya, Karatina, nyumbani.

Nasema mlale Meru kwa sababu upande wa mashariki si kama wetu. Pepo za Bahari ya Hindi humwaga mvua zao huko kwanza, ndiyo maana Laikipia ni kavu na Chuka ni kijani. Mito inayoteremka kwenda Tana imeyachimba mabonde, na barabara inashuka na kupanda kila bonde kwa kona. Zipite asubuhi, mikono ikiwa mipya na lami ikiwa kavu.

Tukikutana na tembo?

Zima haraka, geuza taratibu, ondoka? Hapana, usizime! Simama mbali, acha injini ikiunguruma pole pole, mpe njia, wala usipige honi. Akitanua masikio na kuwatazama, rudini mlikotoka. Gari lina mabati, nyinyi mna makoti. Kwa sababu hiyo hiyo mbuga nyingi za taifa haziruhusu pikipiki, na kwa sababu hiyo hiyo msitembee usiku. Hapa ikweta jua likizama, giza haliombi ruhusa.

Karibu na Timau kuna jambo la kufurahisha. Tangu mwanzoni mwa 2011 pana njia ya tembo iliyopitishwa chini ya barabara kuu, wakitoka Mlima Kenya kwenda msitu wa Ngare Ndare. Huenda mkapita juu ya vichwa vyao msijue.

Doldol kwenyewe kuna nini?

Mji ni mdogo, vumbi jekundu, mbuzi wengi. Ukiona mbuzi mmoja amevuka, simama, wenzake wote wanakuja.

Kilicho kikubwa ni watu na msitu wa Mukogodo. Wayaaku waliishi humo wakiwinda na kufuga nyuki, wengine mapangoni. Katika karne iliyopita walihamia ufugaji na lugha ya Kimasai, na Kiyaaku chao, ambacho ni lugha ya Kikushi, kikabaki kwa wazee wachache sana. Ukiuziwa asali, uliza imetoka wapi. Mazungumzo yatakuwa matamu kuliko asali. Ardhi hapa ni ya jamii, kwa hiyo usiache barabara wala kupiga picha ya mtu bila kuomba.

Nanyuki jazeni tangi na mchukue maji ya kunywa. Na bebeni tubu mbili za akiba, pampu na viraka. Huku kuna miiba ya migunga na pia mpungate, mmea wa kigeni uliopandwa kama ua kisha ukatoroka na kumeza malisho. Mwiba wake hauchagui kati ya ulimi wa mbuzi na tairi lako.

Ndoto yetu ni kufika Ulaya kwa pikipiki. Inawezekana?

Barabara ipo mlangoni mwako: Nanyuki, Isiolo, Marsabit, Moyale, lami mpaka mpakani. Ukiingia Ethiopia unahamia upande wa kulia wa barabara. Shida ni mbele. Njia ya kawaida ilipita Sudan, na vita vilivyoanza Aprili 2023 vimeifunga. Tena nchi kadhaa zinadai hati ya forodha inayowahakikishia kwamba hutaiuza pikipiki huko, na dhamana yake ni pesa nzito.

Afadhali mpande ndege na kukodi huko. Viza ya Schengen hutoa siku zisizozidi 90 ndani ya 180, na mtahitaji kibali cha kimataifa cha kuendesha pamoja na leseni. Nendeni Julai au Agosti, maana njia za juu za Alps hufungwa na theluji majira ya baridi. Stelvio ya Italia iko mita 2,757, na upande mmoja una kona 48 za kugeuka nyuma. Aliyezoea Meru hadi Embu hatashtuka kwa kona. Atashtushwa na bei ya chai.

Na mimi mke, siwezi kuendesha hata kidogo?

Kwa nini usiweze? Jifunze gia na klachi uwanjani, chukua leseni ya daraja hilo, kisha mbadilishane Il Polei, kabla ya kufika Doldol, ambako magari ni machache. Mkae hivyo mpaka Doldol. Mkifika muulize mgongo wake unasemaje.