Mbona daktari amenichora usoni?

SWALI: Mimi ni mama wa hapa Kamachumu, Muleba. Nilipata ajali ya bodaboda, nikabaki na kovu pana kutoka shavuni hadi chini ya taya, na sasa nataka lirekebishwe. Nilipokwenda Mwanza, daktari alinikalisha kitini akanipapasa mifupa ya uso. Akaniambia nikunje paji, nifumbe macho kwa nguvu, nitoe meno, huku akinichora kwa kalamu. Mashine hakutumia. Je, anajua anachofanya, au nitarudi nyumbani mdomo umepinda?

JIBU: Anajua, mama. Ningeogopa zaidi kama asingekuchora.

Misuli ya mkono huanzia mfupani na kuishia mfupani. Ya uso huishia kwenye ngozi, ndiyo maana furaha na hasira huonekana usoni kabla hujasema neno. Msuli wa paji haujajishika kwenye mfupa kabisa. Misuli hii ni myembamba, imepandana, nayo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Daktari haioni, ila mifupa anaweza kuipapasa: ukingo wa tundu la jicho, mfupa wa shavu, pembe ya taya. Hizo ndizo alama zake. Akishazipata, anakuomba uchezeshe uso ili msuli wenyewe uonyeshe ulipo.

Jaribu sasa hivi. Weka vidole karibu na pembe ya taya, kisha uma meno. Msuli wa kutafunia utatuna. Sogea hadi ukingo wake wa mbele, legeza meno, ubonyeze taratibu kwenye mfupa wa taya: utasikia mapigo ya mshipa wa damu wa uso. Juu ya mshipa huo hupita tawi jembamba la neva linaloshusha mdomo wa chini. Likikatwa, mdomo hupinda ukicheka. Kwa baadhi ya watu tawi hilo, kabla ya kufika kwenye mapigo, hushuka chini ya taya. Kwa hiyo wapasuaji wanaoingilia hapo hukata kama vidole viwili chini ya ukingo wa mfupa. Kovu lako limepita eneo hilohilo. Alipokuambia utoe meno, alikuwa anaangalia pia kama neva ilisalimika katika ajali.

Upande wa juu kuna mstari wa Ivo Pitanguy, mpasuaji wa Brazil. Unaanzia sentimita 0.5 chini ya kinundu kilicho mbele ya tundu la sikio, unaishia sentimita 1.5 juu ya ncha ya nje ya nyusi. Neva inayoinua paji hupita karibu na mstari huo.

Alikuchora umekaa, kabla ya ganzi, kwa sababu ukilala mashavu huhama, na sindano ya ganzi huvimbisha ngozi na kulegeza msuli. Michoro mingine hufuata mikunjo ya ngozi, maana kovu jipya likilala ndani ya mkunjo halionekani sana. Kama wewe au ndugu zako mna makovu yaliyovimba na kukua kupita jeraha, mwambie mapema. Ngozi zetu nyeusi hupata makovu hayo kwa urahisi.

Wanaochoma sindano za urembo saluni bila kujua alama hizi wananitia hofu kubwa. Botoksi, sindano ya kulegeza misuli, ikisambaa chini ya nyusi, kope huanguka. Dawa ya kujaza mashavu ni hatari zaidi: mshipa ule uliousikia tayani hupanda kando ya pua na kuungana na mishipa ya jicho. Dawa ikiingia humo, mtu anaweza kupofuka papo hapo.

Kwa hiyo, mama, vuka ziwa urudi Mwanza ukafanyiwe upasuaji wako. Na anayetaka kuguswa uso na mtu yeyote, kwanza ahakikishe mtu huyo amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, kisha amwombe amwonyeshe kwa kidole neva zinapopita. Akishindwa, ondoka.