Somo la Afya: Soya na Uji wa Watoto Wetu

Mwezi huu tutazame zao la soya. Hapa Runzewe nyumba nyingi zenye watoto wadogo zina mfuko wa unga wa lishe, na mara nyingi ndani yake mna soya. Ni chakula chema. Ila kina sharti moja, na likivunjwa anayeumia ni mtoto asiyeweza kusema.

Soya si ngeni nchini. Wajerumani waliipanda kwa majaribio kule Amani, Usambara, mwaka 1907. Kilo moja ya soya kavu ina protini gramu 360 hivi, na mafuta karibu gramu 200. Maharage ya kawaida hayafiki hapo. Tena mahindi yamepungukiwa na kijenzi kimoja cha protini kiitwacho laisini, na soya inacho kwa wingi. Basi mtoto anayekunywa uji wa mahindi matupu hushiba bila kujengeka. Nabii Ezekieli aliagizwa kutia nafaka na kunde katika chombo kimoja (Ezekieli 4:9). Mkate ule ulikuwa wa dhiki, wala hatusemi ni fundisho la mapishi, lakini hata katika dhiki kunde hazikuachwa.

Sasa sharti lenyewe. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kuivunja protini. Moto ndio unaokiharibu. Wapo wazazi wanaopeleka mashineni soya mbichi pamoja na mahindi, karanga, mchele na dagaa, kisha uji ukachemka dakika chache tu. Mtoto hujaa gesi, huharisha, hata uzito hauongezeki, na mama hushangaa kwa kuwa amegharimia lishe.

Njia ni hii. Chagua soya, uioshe, kisha uitie katika maji yanayochemka tayari. Ukianza na maji baridi ile harufu ya maharage mabichi huzidi. Ichemke dakika 20 hadi 30. Ianike ikauke kabisa, uikaange mpaka iwe kahawia kidogo, upepete maganda, ndipo uisage. Sehemu 3 za mahindi kwa 1 ya soya zatosha. Hakuna haja ya kurundika nafaka 6 au 7. Na mtoto asiyetimiza miezi 6 apewe maziwa ya mama peke yake. Unga wa soya uliokorogwa na maji si maziwa.

Viwandani mambo ni mengine. Soya ikishakamuliwa mafuta hubaki mashudu, kama yale ya pamba tunayoyajua huku, na mengi huenda kwa kuku. Mashudu yaliyosafishwa yakisagwa na kusukumwa kwa joto na nguvu kubwa katika tundu nyembamba, hutoka vipande vikavu viitwavyo nyama ya soya. Huloweshwa maji, hupikwa kama mchuzi wa nyama. Protini ya soya hutiwa pia katika soseji. Na huko Marekani, tangu miaka ya 1920, imetengenezwa gundi ya kubandikia mbao nyembamba.

Turudi jikoni. Kabla ya kupeleka soya mashineni, tafuna punje moja iliyokaangwa. Ikiwa bado ina ladha ya maharage mabichi, irudishe motoni.